Ngoma ya Bweranyange na Karatasi ya Philadelphia

Mnamo mwezi wa Novemba mwaka 1861, wakati ambapo Wamarekani walikuwa wamekwisha anza kumwaga damu ya ndugu zao wenyewe kwa kutosikizana juu ya utumwa na juu ya mpaka wa madaraka baina ya dola yao na majimbo yaliyoiunda, msafiri Mwingereza John Hanning Speke, pamoja na mwenziwe James Augustus Grant, aliingia katika ufalme wa Karagwe, magharibi ya ziwa Nyanza, akitokea kusini, akapokewa kwa taadhima na Omukama, yaani mfalme, Rumanyika katika makao yake ya Bweranyange. Speke alikuwa akitafuta chemchemi ya mto Nile, wala hakujali sana mambo ya sheria na katiba. Lakini kwa kuwa mwenyeji wake alikuwa mpole na mpenda mazungumzo, alisimuliwa jinsi mwenyeji huyo alivyoupata ufalme, akayaandika, na maandiko yake yamebaki hata leo.

Alisimuliwa kwamba mfalme Ndagara alipofariki, wanawe waligombea kiti chake, na wakuu wa nchi wakaweka chini, mbele ya wagombea, ngoma ndogo, nyepesi kwa uzito wake lakini iliyotiwa nguvu za siri hata asiweze kuinyanyua ila yule aliye mrithi wa haki. Wengine walijaribu wakashindwa. Rumanyika akaiinua kwa kidole kimoja. Nduguye Rogero hakuridhika na hukumu ile, akachukua silaha, na vita vilivyofuata havikumalizwa na ngoma bali na watu, akiwamo Musa Mzuri, tajiri wa Kihindi wa Tabora, aliyemwunga mkono Rumanyika kwa sababu njia ya pembe za ndovu ilipita kwake, na wafanyabiashara wa pwani walikuwa na kituo chao Kafuro.

Msomaji wa leo aweza kuicheka hadithi hii, na mimi simkatazi, ila namwomba aangalie jambo moja lililojificha ndani yake. Ngoma haikujiweka chini yenyewe. Walioiweka ni wakuu wa nchi, na maana yake ni kwamba hata katika ufalme ambao nasaba ya Bahinda ilidai kuumiliki tangu Ruhinda alipomwondoa Nono mwana wa Malija wa ukoo wa Basiita, palikuwa na watu wengine walioshika utaratibu ambao kwao mfalme hupatikana, na mfalme hakuwa mfalme mpaka apite mbele yao. Hapo pana mbegu ya katiba. Lakini ngoma ilijibu swali moja tu, nalo ni nani atawale. Swali la pili, yaani atawale mpaka wapi, liliachiwa mila, na tabia ya mfalme mwenyewe, na miguu ya raia, kwa maana aliyedhulumiwa alikuwa na njia ya kuvuka mto Kagera na kwenda kuomba hifadhi kwa mtawala mwingine.

Swali hilo la pili ndilo lililowakutanisha wajumbe 55 katika mji wa Philadelphia tangu mwezi wa Mei hadi Septemba mwaka 1787. Makoloni 13 yaliyojitoa katika himaya ya Uingereza yalikuwa yamefungana kwa mkataba ulioanza kufanya kazi mwaka 1781, mkataba legevu ambao uliipa serikali ya pamoja jina bila mkono, kwa kuwa haikuweza kutoza kodi, wala kuamuru biashara baina ya majimbo, wala kubadili neno kubwa bila ya ridhaa ya wote. Deni la vita halikulipika. Katika Massachusetts wakulima waliolemewa na madeni waliasi chini ya Daniel Shays, na serikali ya pamoja haikuwa na askari wa kuwatuma. Ndipo wajumbe wakafunga milango na madirisha, wakaapishana kutunza siri, wakabishana siku nyingi za joto kali. Majimbo makubwa yakitaka uwakilishi kwa idadi ya watu, madogo yakitaka usawa wa jimbo kwa jimbo, hata wakapatana kwamba baraza moja lifuate idadi na la pili, Seneti, lipewe wajumbe wawili kutoka kila jimbo bila kutazama ukubwa wake. Tarehe 17 Septemba wajumbe 39 waliitia sahihi karatasi ya katiba. Rhode Island haikupeleka mjumbe hata mmoja, na haikukubali mpaka mwezi wa Mei 1790, baada ya wenziwe wote kuingia.

Katika hoja zilizotolewa kuitetea katiba hiyo, na hasa katika makala 85 zilizoandikwa na Alexander Hamilton, James Madison na John Jay, lipo wazo ambalo kwa rai yangu ndilo kiini cha jambo zima: kwamba raia mmoja aweza kuwa chini ya serikali mbili kwa wakati mmoja, kila moja ikiwa na milki yake ya madaraka iliyopewa na wananchi wenyewe, na hapana moja kati yao iliyo mtumishi wa mwenziwe. Mwaka 1791 yakaongezwa maneno ya wazi kwamba madaraka yasiyokabidhiwa serikali ya shirikisho wala kukatazwa majimbo yamebaki kwa majimbo au kwa watu. Haya yote ni mazuri kuyasoma, walakini karatasi ile ile ilihesabu mtumwa kuwa sehemu tatu kati ya tano za mtu kwa ajili ya kugawa viti, na kwa miaka zaidi ya sabini kauli ya haki za majimbo ikawa ngao ya mwenye watumwa. Asemaye kuwa madaraka ya chini daima ni rafiki wa mnyonge hajaisoma historia ya Marekani, wala ya Buhaya, nchi ya Wahaya jirani na Karagwe, ambako wapangaji wa nyarubanja walikaa juu ya ardhi ya wakubwa wao mpaka serikali ya Dar es Salaam ilipotunga sheria ya kuwafungua katika miaka ya 1960.

Turudi Karagwe. Rumanyika, aliyetembelewa na Henry Morton Stanley mwanzoni mwa mwaka 1876, aliaga dunia muda mfupi baadaye, na warithi wake wakavurugana, na tauni ya ng'ombe ikaja mwanzoni mwa miaka ya 1890 ikafagia mali ya nchi. Nchi ikiwa katika udhaifu huo, watu ambao hawakupata kuiona walikwisha ikata: kwa mapatano ya tarehe 1 Julai 1890 Uingereza na Ujerumani zilichora mstari kwenye digrii moja kusini mwa ikweta, magharibi ya ziwa Nyanza, na Karagwe ikaangukia upande wa Wajerumani. Mwaka huo huo Emin Pasha alijenga boma Bukoba. Ng'ambo ya Kagera, Nkore, ambayo watawala wake nao walijinasibisha na Ruhinda yule yule, ikawekwa upande wa Waingereza na kuitwa Ankole. Nasaba moja ikawa na mabwana wawili, na kwa mwanahistoria bahati hiyo mbaya ina faida yake, maana twaweza kutazama jinsi ndugu wawili walivyotendewa na katiba mbili.

Wajerumani hawakuwa na watu wa kutosha kuitawala nchi ile kwa mikono yao, na mwaka 1906 waliifanya Bukoba, kama Rwanda na Urundi, kuwa mahali ambapo mwakilishi wao hukaa na kutawala kwa kupitia watawala wa jadi, huku akimpendelea amtakaye, kama walivyompendelea Kahigi wa Kianja. Waingereza walipoishika nchi wakati wa vita kuu ya kwanza waliirithi desturi hiyo, na Gavana Donald Cameron, aliyekuja mwaka 1925 kutoka Nigeria alikojifunza mambo haya, akaipa sura ya sheria mwaka 1926. Chini ya sheria hiyo mtawala wa jadi alitambuliwa kuwa mamlaka ya wenyeji, akawa na baraza lake, mahakama yake, na hazina iliyopata sehemu ya kodi. Abakama, yaani wafalme, wa Bukoba, wa Karagwe akiwamo, waliketi pia katika baraza moja la pamoja, kila mmoja akiwa na nchi yake nyuma yake, na chini yao wakafuatana wakuu wa gombolola na wakungu wa vijiji.

Mtu aliyeutazama mpangilio ule kwa mbali angeweza kudhani ameliona shirikisho: nchi ndogo zenye enzi za kale, zilizokutana katika baraza la juu kwa mambo yazihusuyo zote. Kwa sura vilifanana. Kwa asili vilikuwa mbali kama mashariki na magharibi, kwa kuwa baraza la Bukoba halikuundwa na Abakama waliokaa na kupatana, bali liliundwa na Gavana, naye aliyeliunda aliweza kulivunja, na Omukama aliyemchukiza aliweza kuondolewa na kuwekwa mwingine. Jambo la ajabu ni kwamba mtawala wa namna hiyo alizidi kuwa na nguvu juu ya raia zake kadiri alivyopungukiwa na nguvu mbele ya bwana wake. Swali la atawale mpaka wapi halikujibiwa tena na mila wala na miguu ya raia, bali na bwana shauri. Wakulima waliliona hilo. Mwaka 1937, amri za kutunza mibuni zilipotangazwa kwa vinywa vya watawala wa jadi, ghasia zilitokea Bukoba, na hasira iliyokuwa imekusudiwa serikali ikawaangukia Abakama.

Uhuru ulipokuja, ndugu wawili wa ukingo wa Kagera walipata majaaliwa tofauti. Uganda ilijitawala mwezi wa Oktoba 1962 kwa katiba iliyoipa Buganda hadhi ya shirikisho, na Ankole, Bunyoro na Toro hadhi iliyokaribia hiyo, pamoja na madaraka yaliyoandikwa kwa majina. Tanganyika haikufanya hivyo. Serikali ya Mwalimu Nyerere, ambaye baba yake, Burito, alikuwa mtawala wa Wazanaki, ilifuta madaraka ya watawala wa jadi kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1963, na himaya ambayo mapokeo huihesabu tangu Ruhinda ikamalizika bila ya bunduki kulia na bila ya mtu kwenda mahakamani, kwa sababu hapakuwa na neno lolote ndani ya katiba ambalo Omukama wa Karagwe angeweza kulishika na kusema, hili ni langu.

Je, Ankole, iliyokuwa na neno hilo, ilisalimika? Haikusalimika. Mwaka 1966 waziri mkuu wa Uganda, Milton Obote, aliitangua katiba ya 1962, majeshi yakalishambulia kasri la Mengo, Kabaka Mutesa, mfalme wa Buganda, akakimbilia Uingereza, na katiba ya mwaka 1967 ikafuta falme zote. Na falme zilipoanza kurudishwa mwaka 1993, kwa heshima za kimila tu, Ankole ilinyimwa hata hizo. Hivyo basi aliyekuwa na hati na asiyekuwa na hati walifika mahali pamoja kwa kupishana miaka minne au mitano. Mwenye kupenda katiba asiupite mfano huu kwa haraka. Maandishi ya Philadelphia yamedumu si kwa ubora wa wino wake, bali kwa kuwa majimbo yenyewe yalikuwa hai kabla ya dola, yana mabunge yao, kodi zao, majaji wao na askari wao wa mgambo, na kwa hiyo aliyetaka kuyapokonya alijua kwamba atakutana na watu. Na hata hivyo Wamarekani walihitaji vita vya miaka minne kuamua kama jimbo laweza kujitoa.

Nasema haya nikiwa sina huzuni ya kumlilia Omukama. Ufalme wa kuzaliwa hauna hoja mbele ya watu walio sawa. Swali langu linahusu kilichowekwa mahali pake. Halmashauri ya wilaya, iliyochaguliwa na wananchi, ilikuwa mrithi halali wa baraza la Omukama, na kwa miaka michache ilifanya kazi; lakini mwaka 1972, katika mpango uliopewa jina la madaraka mikoani, ambao serikali iliuandaa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey, halmashauri zilizochaguliwa zilifutwa na wilaya zikawekwa chini ya wakurugenzi walioteuliwa kutoka juu. Watu walipelekewa maofisa, wakaambiwa wamepelekewa madaraka. Baada ya miaka kumi serikali yenyewe ilikiri kuwa huduma zimedorora, ikatunga sheria za mwaka 1982, na halmashauri zikafufuka mwanzoni mwa mwaka 1984. Na mwaka huo huo yakaingizwa katika katiba maneno yanayotambua serikali za mitaa na kueleza kuwa shabaha yake ni kuwapa wananchi madaraka. Ni maneno mazuri, ila yanaliachia Bunge kuamua madaraka hayo ni yapi na kiasi gani.

Mwaka 2012 wilaya ya Karagwe iligawanywa, na upande wake wa kaskazini na magharibi, unaopakana na Uganda na Rwanda, ukawa wilaya ya Kyerwa. Sensa ya mwaka ule ilikuta watu 332,020 Karagwe na 321,026 Kyerwa, hata yaweza kusemwa kuwa nchi ilikatwa katikati. Haikuwa dhuluma, kwa kuwa mkazi wa Murongo, mpakani, aliyelazimika kwenda Kayanga, makao ya wilaya ya Karagwe, kwa kila shauri la wilaya alikuwa na haki ya kufurahi. Lakini tutazame njia iliyotumika. Katiba yetu humpa Rais uwezo wa kuigawa nchi katika mikoa na wilaya kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Maoni hukusanywa kuanzia vijijini na kupanda kwenye vikao vya wilaya na mkoa, nayo ni maoni, si idhini. Katika Marekani, katiba yakataza kuunda jimbo jipya ndani ya jimbo lililopo bila ya ridhaa ya bunge la jimbo hilo pamoja na ya Bunge la taifa. Maine ilipotaka kujitenga na Massachusetts, ilibidi Massachusetts ikubali kwanza mwaka 1819, ndipo Maine ikapokewa mwaka 1820. Karagwe haikuhitajiwa kukubali. Iliyoumbwa kwa tangazo yaweza kukatwa kwa tangazo, na Kyerwa nayo, ijapokuwa leo ina makao yake Rubwera na watumishi wake, ipo katika hali hiyo hiyo.

Yuko atakayesema kwamba haya ni mambo ya ramani, hayamshibishi mtu. Basi tuzungumze kahawa, ambayo hata mtoto wa Karagwe anaijua. Halmashauri za wilaya hizi mbili hutegemea sana ushuru wa mazao, na katika mazao hayo kahawa ndiyo mkubwa wao. Kodi ya maendeleo, ambayo watu waliichukia na kuikimbia porini, ilifutwa mwaka 2003 na serikali kuu. Hakuna aliyelia, ingawa nafasi yake ilizibwa kwa ruzuku, na ruzuku huja pamoja na maagizo ya mtoaji. Kisha mwaka 2017 Bunge lilipunguza ushuru wa mazao kutoka asilimia 5, ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa ya chakula. Mkulima alipata nafuu, na nafuu hiyo siiombei ifutwe. Lakini madiwani wa Karagwe na Kyerwa, waliokuwa wamepanga zahanati na vyumba vya madarasa kwa fedha zile, hawakuwa na kura katika jambo hilo, wala mahali pa kudai. Katika miaka hiyo kodi ya majengo nayo ilikwenda kukusanywa na mamlaka ya mapato ya taifa. Mwaka 2018 ikaamriwa kuwa kahawa iuzwe kwa njia ya vyama vya ushirika peke yake, kwa nia ya kuwakomesha walanguzi wa butura wanaoinunua ingali mtini kwa bei ya kutupa. Na mkulima aonaye kuwa bei ya Uganda ni nzuri zaidi akawa mtu wa magendo kwa kuvusha mto ambao babu zake waliuvuka bila kuulizwa.

Mto huo unatuleta kwenye shirikisho lenyewe, kwa kuwa Afrika Mashariki imepata kulitamani zaidi ya mara moja. Mwaka 1960 Nyerere alitamka kwamba yu tayari kuchelewesha uhuru wa Tanganyika ili nchi jirani ziungane naye. Na tarehe 5 Juni 1963 yeye, Jomo Kenyatta wa Kenya na Milton Obote walitangaza Nairobi nia ya kuunda shirikisho kabla ya mwaka kwisha. Mwaka ulikwisha, shirikisho halikuwapo, kwa sababu walipofika kwenye vifungu vya nani atashika mambo ya nje, uraia na mikopo, wakawa kama wajumbe wa Philadelphia, isipokuwa wao hawakufunga milango wakabishana mpaka mwisho. Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 1967 ilivunjika mwaka 1977, na baada ya mwaka mmoja tu majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuingia katika ardhi ya mkoa wetu wa Kagera. Jumuiya ya sasa, iliyotiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, imetaja shirikisho la kisiasa kuwa mwisho wa safari, na mwaka 2017 wakuu wa nchi walikubali kuanza na muungano legevu kwanza, ule ule ambao Wamarekani waliujaribu kwa miaka michache wakauona hautoshi.

Litakapoandikwa shirikisho hilo, watu wa Murongo na Mutukula watahusika nalo kuliko watu wa miji mikuu, kwa kuwa ndio wanaoishi juu ya mstari. Mazungumzo mengi niliyoyasoma juu yake huhusu nchi na nchi: marais wangapi, sarafu ipi, makao makuu wapi. Sijaona wanaouliza kama halmashauri ya wilaya itakuwa na kifungu chake, kodi yake isiyoweza kupunguzwa bila ya kuulizwa, na mpaka wake usioweza kuhamishwa bila ya idhini yake. Serikali mbili juu ya kichwa cha raia ni mzigo tayari. Serikali tatu, ambazo ya chini kabisa haina chake, zitakuwa mzigo zaidi. Kwa hiyo nawaomba madiwani wa Kayanga na Rubwera, siku watakapofikiwa na wakusanya maoni wa katiba yoyote, iwe ya taifa au ya Afrika Mashariki, wasiridhike na kifungu kinachosema serikali za mitaa zitakuwapo; wadai kiandikwe kilicho chao, kwa jina na kwa asilimia, na mahakama ambayo watakwenda kukidai.